Bi Somoe Aomba Radhi kwa Daraja

Sogeeni karibu, na mwenye kikombe akishike kwa mikono miwili, maana nchi ya hadithi hii imekaa mahali pabaya. Inaitwa Jamhuri ya Imara, na iko juu ya ufa wa ardhi. Ng'ombe anavyotikisa ngozi kufukuza nzi, ndivyo ardhi ya Imara inavyowatikisa watu wake: mara kwa mara, bila chuki, na bila kuuliza nani amebeba nini kichwani.

Wakubwa wa nchi walilifikiria sana jambo hilo. Kuimarisha majengo waliona ni kazi. Kuimarisha sheria waliona ni rahisi. Bunge likakaa, likapitisha Sheria ya Utulivu wa Ardhi, na kuanzia siku hiyo matetemeko yakakoma nchini. Ardhi haikuarifiwa vizuri, ikaendelea kama zamani, lakini kwa mujibu wa sheria hapakuwa na kitu. Kikombe kikiruka mezani, raia mwema alisema kikombe kimeamka vibaya. Ukuta ukipasuka, alisema unapumua. Na ardhi ilipochachamaa hasa, kila mtu alitakiwa asimame palepale alipo na atabasamu mpaka hali ipite. Aliyekimbia alihesabiwa kuwa amekiri kwa miguu, na kukiri kwa miguu kulikuwa uhaini sawa na kukiri kwa mdomo.

Katika nchi hiyo aliishi Bi Somoe, muuza vitumbua wa Bonde la Ngururu, mzee mpole wa sauti, mwenye magoti mabovu. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Kondo, dereva wa lori la vitunguu. Kondo hakupita mbele ya nyumba ya mama yake bila kupiga honi, wala bila kumshushia vile vitunguu vilivyopasuka visivyouzika, akisema, "Mama, hivi vimeshuka vyenyewe. Mimi sijavigusa."

Asubuhi moja ya siku ya gulio, Kondo alikuwa katikati ya Daraja la Ngururu ardhi ilipojitikisa. Daraja lile lilikuwa la nyaya: nguzo mbili ndefu, na kutoka vichwani mwa nguzo hizo nyaya nene za chuma zimeshuka huku na huku kuishika njia, kama kamba zinavyolishika hema. Nyaya zikalia, zikakatika, njia ikapinda kama mkeka, na lori likaenda mtoni na Kondo ndani yake.

Serikali iliunda tume. Tume ikala, ikalala, ikaamka, ikatoa majibu. Kwa kuwa ardhi ya Imara haitikisiki, ilisema tume, na kwa kuwa daraja lilitikisika, lazima kuna kitu kilicholitikisa. Watembea kwa miguu siku ile walikuwa wamesimama kwa utii, wakitabasamu, na walianguka hivyohivyo wakitabasamu. Hao hawana kosa. Kilichokuwa kikitembea ni lori la vitunguu peke yake. Basi Kondo akahukumiwa akiwa kaburini, kwa kosa la kukanyaga daraja kwa dharau. Jina lake likachongwa kwenye ukuta wa mawe kando ya mto, chini ya maneno ADUI WA DARAJA. Na kwa sababu marehemu hawezi kuomba radhi, mama yake akaagizwa aombe kwa niaba yake kila mwaka, Siku ya Daraja, kwa magoti na kwa kipaza sauti.

Aliyesimamia radhi hizo alikuwa Mheshimiwa Fumbwe, Waziri wa Madaraja na Vitu Vilivyosimama.

"Sauti, mama, sauti!" alikuwa akimwambia. "Daraja halikusikii!"

"Daraja liko chini mtoni, baba."

"Ndiyo maana nakwambia paza!"

Jukwaa zima likacheka. Bi Somoe akapaza. Kokoto zikamla magoti. Jioni alirudi nyumbani, akajikanda kwa mafuta ya moto, na huku akijikanda alizipitisha kichwani sura za waliocheka, moja baada ya nyingine, polepole, kama mtu anayechambua mchele.

*

Ikafika zamu ya kujenga daraja jipya palepale. Akaletwa mhandisi, binti mmoja aitwaye Yusta, ambaye kila asubuhi alinunua vitumbua kwa Bi Somoe na kula akiwa amesimama. Siku ya Daraja alimwona akipiga magoti kwenye kokoto. Kesho yake alimletea kipande cha mpira mzito, laini, kilichobaki kazini.

"Weka chini ya magoti, bibi. Wakiuliza, sema ni ulemavu."

Bi Somoe alikishika kile kipande kwa muda. Tangu Kondo afe, hakuna mtu aliyekuwa ameyafikiria magoti yake. "Na huku darajani kinafanya kazi gani?" akauliza.

"Umewahi kubeba ndoo ya maji kichwani?"

"Tangu sijaota meno ya pili."

"Ukikaza shingo inakuwaje?"

"Unaoga njiani."

Yusta akacheka. "Basi daraja la nyaya ni hivyohivyo. Likikakamaa, ardhi ikitikisika linavunjika. Ndiyo maana nimeliwekea shingo. Pale njia inapokutana na nguzo kuna mipira mikubwa kama hiyo. Ardhi ikienda huku, daraja linaiachia kidogo, halafu linarudi mahali pake."

"Na hizo nyaya?"

"Zinabebana. Ukiutoa mmoja, mzigo wake unahamia kwa jirani. Jirani anavumilia. Ukimtoa na jirani yake..."

Hakumaliza, kwa sababu Mheshimiwa Fumbwe alikuwa amefika na waandishi wake.

"Mhandisi, hii mipira ya nini?"

"Ya kuliruhusu daraja liyumbe, Mheshimiwa."

"Liyumbe? Mbele ya nani?"

"Kutokana na hali ya ardhi, Mheshimiwa."

"Ardhi ina hali gani? Sema, usiogope, waandishi hawa hapa."

Yusta akatazama viatu vyake.

"Daraja la taifa haliyumbi!" akanguruma Mheshimiwa. "Anayeyumba ni mlevi!"

Wakampigia makofi mpaka viganja vikawaka. Mipira ikang'olewa, ikashonewa foronya, ikawa magodoro katika nyumba ya mapumziko ya mawaziri, na inasemekana hawajawahi kulala vizuri kama hivyo. Yusta naye akahamishiwa Idara ya Mabwawa ya Samaki, mahali ambapo vitu vinaruhusiwa kuyumba. Kabla ya kuondoka alipita kwa Bi Somoe kumuaga, na alikuwa analia, si kwa ajili ya cheo.

*

Hapa ni lazima desturi moja ya Imara ieleweke. Katika nchi nyingine, mgeni rasmi akija kufungua kitu hukata utepe. Imara waliona ni matusi kumpa mtu mkubwa kitambaa akate, kama fundi cherehani. Kule mgeni rasmi alikata kitu chenyewe. Kisima kilifunguliwa kwa kukatwa bomba. Shule ilifunguliwa kwa kuvunjwa dawati. Hospitali ya wilaya ilifunguliwa kwa kung'olewa mguu wa kitanda, na mgonjwa aliyekuwa juu yake akashukuru kwa heshima aliyopewa. Kipande kilichokatwa mgeni alikwenda nacho kwake, akakitundika sebuleni, ili wanaokuja wajue ni maendeleo gani aliyoleta.

Daraja, bila shaka, lilifunguliwa kwa kukatwa waya.

La kwanza lilifunguliwa hivyo, na hakuna aliyeunganisha kukatwa huko na kuanguka kwake. La pili lilikuwa na nyaya nyingi zaidi, basi na wafunguzi wakawa wengi zaidi. Alifungua Mkuu wa Wilaya. Mkuu wa Mkoa akakasirika kwamba mdogo wake ametangulia, akaja akafungua tena. Mheshimiwa Fumbwe akafungua kwa niaba ya Wizara, kisha kwa niaba ya mkewe ambaye alikuwa na mafua. Wakafuata makatibu, mabalozi, na bingwa wa taifa wa bao. Fundi wa kuchomelea aliwashikia moto, wao wakashika mkono wake, waya ukapiga kelele na kuruka hewani kama mjeledi, na kina mama wa mapokezi wakapiga vigelegele.

Bi Somoe alitazama yote akiwa amekaa juu ya kipande chake cha mpira. Kila waya ulipokatwa, alikunja uso. Mpaka siku moja, Mheshimiwa Fumbwe akipita na kipande chake begani kama mtu aliyetoka kununua muwa, mambo yakajipanga kichwani mwa mama yule. Kumbe hivi ndivyo walivyofanya na lile la kwanza. Ardhi ilitikisa, ndiyo, ardhi kazi yake ni kutikisa. Lakini Kondo alikuwa amepewa njia ambayo wenyewe walishaikata, wakaenda kuitundika ukutani.

Kisasi hakikumjia kwa makelele. Kilimjia kama usingizi unavyomjia mtu aliyechoka: kwa raha, kutoka miguuni kwenda juu.

*

Akaenda ofisini kwa Waziri.

"Shikamoo, Mheshimiwa," alisema, kwa sababu Imara wazee ndio waliowaamkia mawaziri.

"Marahaba," akajibu Fumbwe, ambaye angeweza kuwa kitinda mimba wake. "Una shida?"

"Nina ombi, baba. Mwaka huu nataka kuomba radhi vizuri. Si kando ya mto kama mwizi. Nataka kuombea juu ya daraja lenyewe, katikati, na ninyi wakubwa wote mliolifungua mkae hapo kwenye viti, nimwombe kila mmoja usoni."

"Wote?"

"Wote, baba. Na Mtukufu Mlezi wa Taifa mwenyewe akipata nafasi. Lakini watu wa bonde wasipande. Sisi tuna mikosi, tutalichafua. Wakae mbali ukingoni, watazame."

Machozi yakamlenga Mheshimiwa. "Mama, kumbe unaanza kustaarabika."

"Nimefundishwa na wewe. Na jingine dogo: itangazwe kwamba radhi yangu isikatizwe na mtu yeyote. Nisije nikasahau hata kosa moja la marehemu."

"Itangazwe!" akasema Fumbwe, na ikatangazwa, na ikawa amri.

*

Siku ya Daraja ikafika. Katikati ya daraja yalitandikwa mazulia, vikapangwa viti vya kifahari chini ya vivuli vya turubai. Watu wa bonde walizuiwa na polisi ukingoni, wakamlaani Bi Somoe kwa kuwanyima nafasi ya mbele. Mtukufu Mlezi wa Taifa alifika, na kwa kuwa hakuweza kukaa juu ya kitu kilichofunguliwa na wadogo zake tu, alilifungua upya kwa namna inayolingana na cheo chake: waya mmoja upande wa kulia na mmoja upande wa kushoto. Daraja likaguna. Bendi ya polisi ikapiga wimbo wa taifa ili mguno usisikike redioni.

Bi Somoe akapiga magoti. Mheshimiwa Fumbwe mwenyewe akamshikia kipaza sauti.

Aliomba radhi kwa Kondo kukanyaga daraja. Aliomba radhi kwa lori, kwa magurudumu ya lori, na kwa aliyeyajaza upepo. Aliomba radhi kwa vitunguu. Wakubwa wakatikisa vichwa kwa kuridhika, wakatazama saa.

Kisha akarudi nyuma, mwanzo. Aliomba radhi kwa Kondo kuzaliwa ametanguliza miguu, akamsumbua mkunga. Aliomba radhi kwa chungu cha jirani alichokivunja, akaeleza chungu kilikuwa cha aina gani na jirani yule alikuwa mtu wa tabia gani. Jua likapanda. Waziri wa Afya alitaka kwenda msalani, akakumbushwa kwamba kukatiza radhi ni kosa, akakaa na kukunja miguu. Mlezi wa Taifa alikuwa akitiririka jasho chini ya kofia yenye manyoya.

Bi Somoe hakuwa na haraka. Aliijua ardhi ya Imara. Haijawahi kukaa siku nzima bila kujikuna.

Sauti ilipomkauka, mpiga tarumbeta mmoja wa bendi alimpa chupa yake ya maji bila kuombwa. Bi Somoe akanywa, akamtazama usoni. "Ahsante, mwanangu. Mwende ukingoni na wenzako. Tarumbeta zenu zinapata joto hapa." Bendi ikaondoka. Yeye akaendelea na surua ya Kondo.

Ndipo glasi ya Mlezi wa Taifa ikaanza kutembea mezani yenyewe.

Wakubwa wote wakasimama, kwa sheria, na wote wakatabasamu. Daraja halikuwa na shingo. Mtikisiko uliingia kwenye nguzo ukapanda wote mpaka juu bila kupunguzwa. Nyaya zilizobaki zikaanza kulia. Fumbwe akajaribu kuweka kipaza sauti chini, akakuta mkono wake umeshikwa.

"Mama, niachie."

"Kwani kuna nini, baba?"

"Niachie mkono!"

"Simama utabasamu, taifa linasikiliza. Kuna kitu?"

"Hakuna... hakuna kitu, mama, lakini..."

"Basi niendelee. Naomba radhi kwa mwanangu Kondo, ambaye siku ile alikuwa hapahapa uliposimama wewe. Naye alisikia hivi unavyosikia. Alikuwa na mimi tu duniani. Unasikia, Mheshimiwa?"

Waya ukakatika juu ya vichwa vyao kwa mlio wa bunduki.

"Tetemeko!" Fumbwe akapiga ukelele ndani ya kipaza sauti. "Tetemeko! Niachie wewe bibi, tetemeko, tunakufa!"

Neno lile likaingia redioni, likafika kila jiko na kila kinyozi wa Imara. Bi Somoe akamwachia. Alikuwa amepata alichokuja kuchukua. Wakubwa wakakimbia wakikanyagana, mazulia yakiwafuata miguuni. Mlezi wa Taifa yeye hakukimbia, ilielezwa baadaye, alitangulia.

Bi Somoe hakuinuka. Magoti yalikuwa yamegoma, na moyoni alishakubali tangu siku aliyokwenda ofisini: akiwapeleka chini, aende nao, akamwone mwanawe. Lakini mpiga tarumbeta alirudi mbio, akambeba mgongoni kama mtoto, huku akimwambia, "Shika shingo, bibi, shika shingo!" Walipogusa ukingo, daraja likakunjika, likashuka mtoni na viti vyake, na vivuli vyake, na kofia yenye manyoya.

*

Kesi ikafunguliwa. Fumbwe alishtakiwa kwa kutamka neno, kwa kukiri kwa miguu, na kwa kukanyaga daraja kwa dharau. Wenzake wote walitoa ushahidi dhidi yake, wengine wakiwa na bandeji.

"Waheshimiwa, ardhi ilitikisika!" alilia kizimbani. "Mlikuwepo!"

Jaji Mkuu, aliyekuwepo na akapoteza kiatu, alikuna kidevu. Kama ardhi ilitikisika juzi, alisema, basi na siku ya lori ilitikisika. Hapo Kondo hana kosa, na Fumbwe hana kosa. Kama haikutikisika, wote wawili wana kosa, na Fumbwe ataomba radhi kila mwaka mpaka afe. Jambo ni zito, na Serikali isingependa kuonekana imelisema yenyewe. Kwa hiyo aseme mama wa marehemu, na atakalosema litakuwa sheria.

Bi Somoe akamtazama Fumbwe. Alikuwa ameyaota magoti ya mtu huyu juu ya kokoto kwa miaka. Aliyaona sasa waziwazi, mvua na jua, na yeye mwenyewe amekaa jukwaani akisema, "Sauti, baba, sauti!" Aliyaonja maneno hayo mdomoni. Yalikuwa matamu.

"Mama, nihurumie," akanong'ona Fumbwe.

Halafu akaliona jina la Kondo palepale kwenye jiwe, likikaa hapo kwa ajili ya utamu huo, milele.

"Lilikuwepo," akasema. "Siku ile na juzi. Lilikuwa tetemeko."

Fumbwe akaruka kizimba, akaanguka mikononi mwake. "Mama! Mama yangu mzazi!"

"Ngoja kwanza, baba, unanilowanisha. Mheshimiwa Jaji, imeshakuwa sheria?"

"Imeshakuwa."

"Haibatilishwi?"

"Haibatilishwi."

"Ahsante. Basi kama ardhi yetu inatetemeka, na kila mtu alikuwa anajua inatetemeka, naomba kuuliza. Nani alitoa mipira? Na nani alikata nyaya?"

Safu yote ya mbele ikaanza kuficha mikono. Jaji Mkuu, aliyekuwa amelifungua daraja kwa niaba ya Mahakama, alianza kutafuta miwani yake, ambayo alikuwa ameivaa. Na nje ya madirisha watu wa bonde walikuwa wamesimama wamejaa, na kwa mara ya kwanza tangu sheria ipitishwe hakuna aliyekuwa akitabasamu.

Sheria ya Imara ilimruhusu aliyeshinda kesi kutaja adhabu. Haikuwahi kufutwa, kwa sababu mtu wa chini hakuwahi kushinda.

"Wanyongwe!" watu wakapiga kelele.

"Hapana," akasema Bi Somoe. "Mimi si muuaji. Walijenge tena. Na likiisha, wahamie juu yake. Katikati. Wake zao na watoto wao wabaki nchi kavu, hawajakata kitu. Ila wao wenyewe wakae hapo mpaka nitakaposema inatosha."

*

Haijawahi kujengwa kazi kama ile. Mheshimiwa Fumbwe alikwenda mwenyewe mabwawani kumfuata Yusta, akambebea begi, akamsihi aweke mipira zaidi. Mawaziri walilala chini ya njia wakikagua kila nati kwa ulimi. Aliyepita na kisu cha kumenyea chungwa alifukuzwa na mabalozi. Lilipoisha, likawa daraja linaloyumba kwa madaha, na wageni wakaja kutoka nchi za mbali kulisifu. Malori ya vitunguu yanapita mchana kutwa. Ukutani pale ambapo jina la Kondo lilikuwa limechongwa, Yusta alilisugua kwa mkono wake mwenyewe mpaka jiwe likawa laini, wala hakutaka kusaidiwa.

Katikati ya daraja kuna safu ya vijumba, na nje ya vijumba kaptula za waheshimiwa zimeanikwa kwenye kamba. Ardhi ikijikuna, milango yote hufunguka kwa pamoja, nao hutoka na fulana na mataulo, wakakumbatia nguzo wakilia. Hawaumii. Daraja ni zuri, na wao wanajua ni zuri. Ila magoti yao hayajui.

Alasiri Bi Somoe huja ukingoni na kigoda chake na kunde za kumenya. Fumbwe akimwona humpungia mkono kwa adabu, akimuuliza kwa macho kama leo imetosha. Bi Somoe humpungia naye, kwa upole, kama mtu na jirani yake. Kisha husogeza kigoda penye kivuli, huchukua ganda jingine la kunde, na kuisubiri ardhi.